Kulea, Kujiunda, Kuleana: Uhakiki wa Lugha ya Malezi ya Kipadri katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maneno ambayo Kiswahili hutumia kuzungumzia seminari za Kikatoliki na maisha ya pamoja ndani yake: seminari, jandokasisi, frateri, mlezi, malezi na majiundo. Hoja yetu ni kwamba kila neno kati ya haya lina dai lake kuhusu nani anatenda na nani anatendwa katika kumwandaa padri. Neno malezi, ambalo ndilo lililoshika hatamu, linamweka mtu mzima katika nafasi ya mtoto, na neno mlezi linaufunika mpaka ambao sheria ya Kanisa iliuweka kwa makusudi. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi inasomwa hapa kama shauri lililofunguliwa dhidi ya malezi ya namna hiyo.

Utangulizi

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano, katika seminari ndogo ambayo sina haja ya kuitaja, tuliamka asubuhi moja tukakuta godoro la mwenzetu limekunjwa na kufungwa kamba. Kabati lake lilikuwa wazi. Hakuna aliyetangaza jambo lolote. Wakati wa masifu ya asubuhi nafasi yake kwenye benchi ilijazwa na aliyemfuata, na kufikia saa ya uji tulikuwa tumekwisha kupata sentensi ya kutumia: “Ameondoka.” Haikuwa sentensi ya uongo, kwa maana kweli hakuwapo. Lakini kitenzi kuondoka humtaka mtu aliyeamua mwenyewe kunyanyua mguu, na sote tulijua kwamba yeye hakuamua. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kuifanya isimu kuwa kazi yangu, ndipo nilipotambua kwamba sentensi ile ya neno moja ilikuwa data.

Makala haya yanaanzia hapo. Kiswahili kinapoeleza jinsi kijana anavyoandaliwa kuwa padri wa Kanisa Katoliki, kinamweka wapi kijana huyo ndani ya sentensi? Je, ni kiima au ni yambwa? Uchunguzi wa istilahi za Kikristo katika lugha yetu umependa zaidi kushughulikia asili ya maneno: padri kutoka Kireno, kasisi kutoka Kiarabu, misa kutoka Kilatini. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini huishia mlangoni. Kujua neno limetoka wapi hakutuambii linawafanya nini watu wanaoishi chini yake. Nao wanaoishi chini ya maneno haya ni wengi: wavulana wanaoingia seminari ndogo mara tu baada ya shule ya msingi, na vijana wa seminari kuu ambao hukaa humo, wakipitia falsafa na kisha teolojia, kwa muda unaokaribia muongo mmoja.

Nitajihusisha na Kiswahili cha Wakatoliki wa Tanzania, ambacho ndicho ninachokijua kwa masikio yangu. Ikumbukwe kwamba katika seminari zetu kuu Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, kama Kilatini kilivyokuwa zamani. Kiswahili ni lugha ya bwalo, ya uwanja wa mpira, ya mahubiri parokiani na ya kuagana. Maneno ninayoyahakiki si ya darasani, bali ni yale ambayo kwayo nyumba hizo hujieleza kwa waumini, na ambayo kwayo wakazi wake huelezana wao kwa wao.

Kitalu na jando

Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 23 cha tarehe 15 Julai 1563, uliagiza majimbo yaanzishe vyuo vya kuwaandaa vijana kwa ajili ya upadri. Waliopaswa kupokewa walitakiwa wawe wametimiza angalau miaka 12 na wawe wanajua kusoma na kuandika vya kutosha. Hoja ya mtaguso ilikuwa kwamba ujana, usipoelekezwa mapema, huelekea anasa za dunia. Mswahili asiyejua neno hata moja la Kilatini angeipokea hoja hiyo bila kusita, maana anayo tayari kwa maneno yake: samaki mkunje angali mbichi; udongo uwahi ungali maji. Chuo hicho kiliitwa seminarium, yaani kitalu, mahali mbegu zinapooteshwa kabla miche haijahamishiwa shambani.

Kiswahili kilichukua jina, kikaiacha picha. Msemaji wa kawaida asikiapo seminari hasikii mbegu wala udongo. Anasikia shule ya mapadri. (Binamu yake, semina, amepata bahati mbaya zaidi: siku hizi ni siku mbili za kukaa ukumbini na bahasha ya posho.) Lakini inaonekana lugha haikuridhika na neno lisilo na picha. Katika Kiswahili cha Kanisa, hasa katika maandishi na matangazo yake rasmi, mwanafunzi wa seminari huitwa pia jandokasisi, wingi wake majandokasisi. Neno hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko lilivyowahi kutazamwa.

Kimofolojia ni mwambatano wa nomino mbili, na kwa kawaida ya miambatano yetu neno kuu hutangulia. Katika mwanafunzi na mwanasheria neno kuu ni mwana, yaani mtu. Katika jandokasisi neno kuu ni jando, ambalo si mtu bali ni tukio, na pia mahali na muda wa tukio hilo. Hata hivyo tunasema “jandokasisi huyu amefika,” kwa upatanisho wa viumbe hai. Mtu amepewa jina la jambo analopitishwa, na yeye mwenyewe hayumo ndani ya neno linalomtaja.

Aliyebuni neno hili alikuwa na jicho kali, na sitaki kumdhulumu. Jando humtenga mvulana na mama yake, humweka kumbini pamoja na wenzake, humpa nyimbo na miiko ambayo walio nje hawaijui, humtia maumivu, kisha humrudisha nyumbani akiwa na hadhi mpya na ndugu wapya ambao hawezi kuwakana maisha yake yote. Atazame seminari mtu yeyote aliyewahi kulala katika mabweni yake na aseme kama si hivyo. Mapadri waliopewa daraja mwaka mmoja huitana “darasa langu” hata wakiwa na mvi, na huzikana.

Lakini sitiari hii ina matatizo mawili. La kwanza ni la kijiografia. Jando halikuwa desturi ya jadi ya Wahaya, Wanyamwezi wala Wasukuma, na ni katika nchi za watu hao ambako baadhi ya seminari kongwe za Tanzania zilipandwa. Kipalapala, karibu na Tabora, ilianza mwaka 1925. Laurean Rugambwa, aliyepata upadri mwaka 1943 na kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alitoka Rubya akaenda kusomea Katigondo, seminari kuu iliyofunguliwa Uganda mwaka 1911. Kumwita kijana Mhaya wa kizazi kile jandokasisi ni kumvika nguo iliyoshonwa pwani na kusini. Huko kusini Askofu Vincent Lucas wa Masasi, ambaye alikuwa Mwanglikana, alikuwa tayari amejaribu kulifanya jando lenyewe kuwa la Kikristo, na alifanya hivyo kwa sababu lilikuwapo.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Wote wanaoingia jandoni hutoka wakiwa wanaume. Hakuna mwali anayerudishwa nyumbani kabla ya wenzake akiambiwa kwamba amechunguzwa na kuonekana utu uzima si wito wake. Seminari, kinyume chake, ni mahali pa kupambanua. Kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe, kijana anayegundua baada ya miaka mitano kwamba hakuitwa kuwa padri hajashindwa. Ametimiza mojawapo ya makusudi ya nyumba ile. Sitiari ya jando haina nafasi kwa mtu kama huyo. Ndani yake anayeondoka kabla ya siku ni mvulana ambaye hajawa mtu. Nimewasikia wazee wakisema hivyo hivyo juu ya watu wazima wenye wake, watoto na shahada: “Huyu alikuwa seminari,” kisha kimya kidogo, kama vile wametaja ugonjwa.

Undugu uliogeuka cheo

Nje ya maandishi rasmi, waumini hawasemi jandokasisi. Wanasema frateri, wingi mafrateri. Frater ni ndugu kwa Kilatini, na neno hilo lilipaswa kuwa muhtasari wa maisha ya pamoja. Humo ndani kweli lina maana hiyo. Seminari ina kengele, na kengele husemwa kuwa sauti ya Mungu. Inawaamsha wote, inawapeleka wote kanisani, darasani, bwaloni, shambani, uwanjani, kisha inawaingiza wote katika ukimya mkuu wa usiku. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa mvuvi wanapiga deki sakafu moja. Anayeongoza kwa alama katika metafizikia ana zamu yake ya kulisha nguruwe. Pale penye masufuria ya wali ulioungua, ambapo watu wanne husugua mafusa kwa mchanga na kubishana kuhusu mpira, ndipo wengi wetu tulipojifunza kwamba mtu usiyempenda anaweza kuwa ndugu. Sijui sura ya kitabu chochote cha maadili iliyonifunza hilo.

Likizo inapofika, neno hugeuka. Kijijini Frateri ni jina la heshima linaloandikwa kwa herufi kubwa. Mama mzazi humwita hivyo mbele ya wageni. Akishika ndoo, sauti hutoka barazani: “Acha, Frateri, watoto watabeba.” Akishika jembe, shangazi huona aibu. Hupewa kiti chenye mgongo, na kipande cha nyama ambacho babu yake hakupewa. Ndani ya seminari, ambamo kila mtu ni frateri, neno halimtofautishi yeyote, na kwa hiyo linafanya kazi yake ya undugu. Nje linamtenga na ndugu zake wa damu kwa kutumia neno lenye maana ya ndugu. Kiswahili kina neno lake, ndugu, ambalo siasa ya Ujamaa ililifanya kuwa namna ya kumwita kila raia. Sijawahi kusikia mseminari akiitwa Ndugu kwa maana ya kiseminari. Nafasi hiyo imeachiwa Kilatini, na nadhani sababu ni kwamba Kilatini kinaweza kuwa cheo.

Mlezi ni nani?

Tufike kwenye neno lenyewe. Mapadri wanaoishi seminarini na kuwaandaa vijana huitwa walezi. Nyumba huitwa nyumba ya malezi. Kazi yote ya miaka tisa, ambayo nyaraka za Kanisa huigawa katika pande nne, yaani utu, maisha ya kiroho, elimu na uchungaji, huitwa malezi ya kipadri.

Kulea, katika Kiswahili cha kila siku, ni kumlisha, kumtunza na kumwongoza asiyeweza kujilisha, kujitunza na kujiongoza. Hulelewa mtoto, yatima, mgonjwa; hulelewa pia ujauzito, na kwa kejeli huweza kulelewa uzembe. Methali zetu juu ya malezi zote zina mtoto mmoja tu, aliye laini: umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mvulana wa seminari ndogo neno hili ni halali. Kwa mwanamume wa miaka 28 anayesoma mwaka wa tatu wa teolojia lina kasoro, na kasoro hiyo ina madhara yanayoonekana. Anayelelewa haulizwi. Anayelelewa akikaa kimya amelelewa vizuri. Nimewahi kufundisha chuoni vijana waliotoka seminari kuu, na mara nyingi walikuwa wanafunzi bora kwa nidhamu na kwa maandishi. Lakini nilipowauliza wao wenyewe wanaonaje, wengine walinitazama kama mtu aliyetegewa.

Madhara makubwa zaidi yamo katika nomino ya mtendaji. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unataka kila seminari iwe na gombera wa kuiongoza, na iwe na angalau padri mmoja wa kuwaongoza vijana kiroho, huku vijana wakibaki huru kuwaendea mapadri wengine walioteuliwa na askofu kwa kazi hiyo (kanuni 239). Kanuni inayofuata inaweka mpaka mkali: inapoamuliwa kama kijana apewe daraja au aondolewe seminarini, maoni ya kiongozi wake wa kiroho na ya waungamishi hayawezi kamwe kuombwa. Sababu yake haihitaji maelezo marefu. Hakuna mtu atakayefunua moyo wake mbele ya anayekaa katika baraza la kumhukumu. Sheria imejenga ukuta kati ya chumba cha kusikiliza na chumba cha kuamua, na ukuta huo ni ulinzi wa dhamiri ya mtu dhaifu kuliko wote katika nyumba ile.

Sasa tazama Kiswahili kilivyoushughulikia ukuta huo. Anayeamua huitwa mlezi. Anayesikiliza huitwa mlezi wa kiroho. Sifa “wa kiroho” ni kivumishi tu. Haiondoi nomino, na katika mazungumzo ya haraka huanguka yenyewe. “Walezi wamekaa jana usiku.” “Walezi wameona asiendelee.” Walezi gani? Kisheria yule mmoja hayumo, kilugha yumo. Kijana wa mwaka wa pili, mwenye jambo linalomtafuna na ambalo angepaswa kulisema, anasikia sentensi hiyo bwaloni na anafanya hesabu yake kwa sarufi aliyo nayo, wala si kwa kanuni aliyosomewa mara moja kwa Kiingereza. Anaamua kunyamaza. Huenda akanyamaza hadi siku ya kupewa daraja, na baada ya hapo lile jambo litakuwa la waumini wote. Haya si makosa ya mtu yeyote. Sidhani kuna mlezi hata mmoja aliyeketi akakusudia kuuficha ukuta. Lakini lugha iliyoundwa bila kukusudia nayo hufanya kazi.

Chombo kinachojiunda

Wafasiri wa nyaraka za Vatikani wanalo neno la pili, majiundo. Hutokea mara nyingi likiandamana na lile la kwanza: malezi na majiundo ya kipadri; majiundo endelevu ya mapadri. Kwa mwanaisimu neno hili ni zawadi. Katikati yake kuna mofimu -ji-, yambwa rejeshi, ambayo humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Anayepata majiundo anajiunda. Katika waraka wake Pastores Dabo Vobis wa tarehe 25 Machi 1992, Papa Yohane Paulo II alieleza (aya ya 69) kwamba kijana mwenyewe ni mhusika wa lazima asiyeweza kubadilishwa na mwingine katika maandalizi yake, na kwamba hatimaye kila maandalizi ya namna hiyo ni mtu kujiandaa mwenyewe. Alihitaji aya nzima kulisema jambo ambalo Kiswahili kimeliweka katika silabi moja. Sina hakika kwamba waliobuni majiundo walikuwa na aya hiyo mbele yao. Neno lenyewe limeifikia.

Ingekuwa vyema kama tungeweza kuishia hapo na kuwapongeza. Lakini neno halitumiki kama lilivyoundwa. Katika maandamano malezi na majiundo, neno la pili limekuwa mwangwi wa la kwanza, kama ilivyo katika shida na taabu au amani na utulivu. Ushahidi umo katika vitenzi linavyopewa. Si ajabu kusikia kwamba vijana “wanapewa majiundo,” au kwamba walezi “wanatoa majiundo.” Mtu anawezaje kupewa kujiunda? Sentensi kama hizo zinaonyesha kwamba -ji- imekufa ndani ya neno. Imebaki kama mfupa wa samaki kwenye mchuzi, ambao mlaji huuweka kando bila kuutazama.

Tena kuna ujirani mbaya. Nomino zetu za ngeli ya sita zilizojengwa kwa -ji- rejeshi zinakaa mtaa mmoja: majivuno, majigambo, majisifu, majitapo. Ni mtaa wa wenye kiburi. (Majilio, jina la kipindi kinachotangulia Noeli, hayamo, ji yake ni ya kitenzi kuja.) Majiundo yamehamia katika mtaa huo, na sikio la Mswahili lina haki ya kushuku. Pwani, kuunda ni kazi ya mafundi wa majahazi: mbao huunganishwa, kalafati hutiwa, chombo kikashushwa majini. Chombo kinachojiunda chenyewe ni muujiza au ni majivuno. Hapo ndipo ninapoona upungufu wa neno hili hata likitumiwa sawasawa: limemtoa kijana katika nafasi ya yambwa, likamwacha peke yake gatini.

Mwongozo wa malezi ya kipadri uliotolewa na Vatikani tarehe 8 Desemba 2016 unasisitiza kwamba maandalizi haya ni ya kijumuiya tangu mwanzo wake. Kiswahili hakihitaji kuazima neno kwa ajili hiyo. Kina -an-, kiambishi cha kutendana, na kina kuleana. Wale wanne wenye masufuria hawakuwa wanalelewa na mtu, maana hapakuwa na padri jikoni; wala hawakuwa wanajiunda kila mmoja kivyake. Walikuwa wanaleana. Kitenzi hicho nimekikuta zaidi katika mafundisho ya ndoa kuliko katika maandishi yahusuyo seminari, na nashangaa kwa nini, kwa kuwa waseminari hukaa pamoja miaka mingi kuliko ndoa kadhaa ninazozijua.

Rosa mbele ya walezi

Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, katika eneo la Kiswahili la Katanga, alipitia seminari na kisha utawa wa Wabenedikto nchini Rwanda kabla ya kuuacha. Kumbukumbu zake, Les corps glorieux des mots et des êtres (1994), zinachunguza jinsi ratiba na bustani zilivyomtengeneza, na riwaya yake Entre les eaux (1973) inamfuata padri aliyejiunga na wapiganaji msituni. Ameyaandika yote kwa Kifaransa. Kwetu swali hilohilo limeulizwa kwa Kiswahili, ila limeulizwa kwa kupitia msichana.

Euphrase Kezilahabi alisoma katika Seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikohitimu mwaka 1970. Mwaka uliofuata ilitoka Rosa Mistika, riwaya ambayo ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kabla ya kugeuka kuwa kitabu cha kiada. Wahakiki wamemsoma Kezilahabi kwa miwani ya udhanaishi, na ni kweli kwamba miwani hiyo inaonyesha mengi, hasa katika Kichwamaji (1974). Lakini imewafanya waipite seminari kama mstari mmoja wa wasifu: “alisoma Nyegezi.” Sidai kwamba riwaya ni wasifu uliofichwa. Ninadai kwamba mtu aliyekulia katika nyumba ambamo malezi ni neno la kila siku aliandika riwaya ya kwanza ambayo kiini chake ni malezi, na kwamba hilo si la kupitwa.

Jina lenyewe linatoka kanisani. Ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Loreto, iliyoidhinishwa na Papa Sixtus V mwaka 1587 na ambayo husaliwa baada ya rozari. Kezilahabi amelichukua kutoka Kilatini akaliandika kwa tahajia ya Kiswahili, kisha akampa msichana wa Ukerewe ambaye maisha yake yatakuwa kinyume cha litania. Zakaria, baba yake, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo hicho kinatimiza kusudi lake: Rosa anawaogopa wanaume. Anapofika shule ya bweni inayoongozwa na masista, hofu hiyo ndiyo ujuzi wake pekee juu ya jambo ambalo wenzake wamekwisha kulizungumza, kulicheka na kulizoea. Hofu inapokatika, haibaki kitu cha kumshikilia. Hakuwahi kuamua, alikuwa ameamuliwa.

Ni hapo ambapo usomaji wa kimaadili, unaoifanya riwaya kuwa onyo kwa wasichana, unapoanguka. Rosa anaangamia kwa sababu aliongozwa na nje tu, na fimbo ilipokuwa mbali hapakuwa na Rosa wa kuchukua nafasi yake. Zakaria ni mlezi na ni mlevi, maneno mawili yanayotenganishwa na konsonanti moja, na sidhani sikio la mshairi kama Kezilahabi liliikosa. Hata sarufi inashuhudia ukaribu huo: kitenzi kulea hakikubali kutendwa kwa njia fupi, kwa kuwa kulewa tayari ni ulevi, na ndiyo maana tunasema kulelewa.

Baada ya kujiua, Rosa anakutana na baba yake mbele ya Mungu, na kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Baadhi ya wasomaji wameiona sehemu hii kuwa kiraka cha mahubiri kilichoshonwa mwishoni. Mimi naiona kuwa ndiyo riwaya yenyewe imefika ilikokuwa inakwenda. Ni mara ya kwanza Rosa anasimama kama kiima mbele ya mlezi wake, na ilimlazimu afe kwanza. Hapo duniani hapakuwa na chumba cha kusikiliza kilichotengwa na chumba cha kuamua. Zakaria alikuwa vyote viwili.

Neno la kupendekeza

Sina mamlaka ya kuwapangia maaskofu istilahi, na najua maneno yaliyozoeleka hayafutwi na makala. Malezi yatabaki. Kwa seminari ndogo yabaki. Lakini lipo badiliko moja ambalo lingegharimu kidogo: kumwondolea kiongozi wa kiroho jina la mlezi. “Baba wa kiroho,” ambalo baadhi ya watu hulitumia, halisaidii, maana katika nyumba zetu baba ndiye mwenye neno la mwisho. Napendekeza msindikizaji wa kiroho. Kitenzi kusindikiza kimekwisha kuenea katika Kiswahili cha Kanisa pale inapozungumzwa kuhusu kutembea na vijana, na kina desturi nyuma yake: mwenyeji hamwachi mgeni mlangoni, humsindikiza hadi njia panda, na hamchagulii njia ya kushika. Msindikizaji wa namna hiyo anaweza kwenda na kijana hadi altareni, na anaweza pia kwenda naye hadi kituo cha basi.

Neno hili lina ila yake, na sitaifichia wasomaji wa jarida hili. Katika lugha ya michezo na ya uchaguzi, wasindikizaji ni wale walioingia kujaza idadi, na watani wa seminarini wataligundua hilo siku ya kwanza. Naona ni utani unaovumilika kuliko kosa tulilo nalo sasa. Yule mwenzetu wa godoro nilikutana naye miaka mingi baadaye, akiwa mkuu wa shule. Hakusema “niliondoka,” na hakusema “nilifukuzwa.” Alisema, “Nilitoka seminari,” kitenzi kilekile cha vijana wanaotoka kumbini. Nilimuuliza nani alimtoa usiku ule. Alisema mlinzi alimfungulia geti, akamuazima tochi.